Shajara ya boti ya Mtera: kubadilisha henza zote mbili

Mwisho wa Aprili

Mvua ndo zimekata hivyo, jamaa wanaopita barabara ya Iringa wanasema maji ya bwawa la Mtera yamepanda vizuri, na boti bado iko juu ya tela hapa uani Ilazo, Dodoma, chini ya turubai. Msimu huu haigusi maji mpaka nimalize kamba za kupandishia matanga, yaani henza, zote mbili, ya tanga kubwa na ya lile dogo la mbele. Naandika kila ninachofanya maana maelezo niliyoyapata kwa Kiswahili ni ya majahazi tu, na jahazi mambo yake ni mengine kabisa, lina foromali zito (boriti inayobeba tanga), lina jarari na gofia (kamba na makapi, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, ya kulipandishia), watu kadhaa wanavuta kwa pamoja. Boti yetu ni ya faiba, futi 14, mlingoti wa alumini mita sita na ushee, mtu mmoja anatweka tanga peke yake huku anaongea na simu.

Kilichofanya nianze na henza badala ya rangi (maana rangi nayo inalia) ni tukio la Oktoba. Tulikua tunarudi, mimi na mdogo wangu, upepo wa mchana ukaongezeka ghafla, nikasema shusha tanga tumalizie kwa makasia. Akaachia kamba, tanga likashuka kama mita moja na nusu af likagoma. Halipandi halishuki. Tanga limejaa upepo nusu, boti inasukumwa kuelekea kwenye visiki.

Kwa wasioijua Mtera: bwawa lilijengwa miaka ya 1970 ili kutunza maji ya mitambo ya Kidatu huko chini, baadaye mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kufua umeme, megawati 80. Miti iliyokuwepo bondeni mingine ilizama ikiwa imesimama na mpaka leo imesimama, mikavu, ndege wanakaa juu yake. Kimo cha juu cha maji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690, kwa hiyo maji yanaweza kucheza mita nane na nusu, na yakishuka kuelekea mwisho wa mwaka visiki ambavyo Mei ulipita juu yake bila kujua vinakua vimeshatoa vichwa, au mbaya zaidi viko sentimita ishirini chini ya maji huvioni. Ukiongeza mamba na viboko, hapo sio mahali pa kusema nitaruka niisukume boti kwa mkono.

Tuligeuza omo, yaani mbele ya boti, ikatazama upepo, tanga likalegea, mdogo wangu akalivuta kwa mikono kwa kung'ang'ania upande wa mlingoti mpaka likakubali. Hatukugonga kitu. Ila tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama kamba itahimili upepo, yaani kama haitakatika, naona anauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Kamba ikikatika tanga linaanguka, ni usumbufu, lakini limeshuka. Kamba ikinasa ndo unakua na tanga ambalo huna amri nalo. Kwa hiyo kila uamuzi kwenye mradi huu, kamba gani, unene gani, kapi gani, fundo gani, nitaupima hapo: je, tanga litashuka?

Mei, Jumamosi ya kwanza: ukaguzi

Tumeng'oa mlingoti tukaulaza juu ya kreti za soda pale uani. Nimemuomba mzee mmoja aje aangalie, ni mtu wa Kilwa, kaenda baharini na majahazi ujana wake wote, sasa anaishi kwa binti yake hapa Chang'ombe. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, chai kidogo, af akaomba aonyeshwe kamba na akakataa miwani. Akafumba macho akaanza kuipitisha kiganjani taratibu toka mwanzo mpaka mwisho. Akawa anasimama mahali palepale ambapo mimi nilikua sijaona kitu.

"Katikati usihangaike napo," akaniambia, "tazama inapopinda. Kamba inafia inapopinda."

Na kweli. Henza ya tanga kubwa ilikua ya mtindo wa zamani, nusu ya juu ni waya wa stenlesi wa milimita 3, nusu ya chini ni kamba ya kushikia kwa mkono, vimeunganishwa. Waya hautanuki ndo maana zamani walikua wanaupenda. Tukachukua pamba ya dukani tukaipitisha kwenye waya wote (msipitishe kidole jamani, nyuzi za waya zilizokatika ni miba), na pamba ikawa inanyofoka sehemu moja tu, kama sentimita kumi na tano chini ya ncha ya juu. Pale ndo waya unapokaa juu ya kapi tanga likiwa limepanda lote. Safari zote, masaa yote, mzigo uko juu ya sentimita hizohizo, waya unapinda na kunyooka kila boti ikiyumba, nyuzi zinakatika moja moja. Zilizokatika zinasimama, zinaingia kati ya kapi na ukuta wake, zinakaba. Hiyo ndo Oktoba yetu ilivyotokea, sasa nimeiona kwa macho.

Nusu ya kamba nayo imeungua jua. Unaikunja inakua ngumu na inaacha unga mweupe mkononi. Hapa Dodoma watu wanadhani boti ambayo haijui maji ya chumvi itadumu milele, ila tuko zaidi ya mita elfu moja juu, kiangazi chetu kinaanza Mei mpaka Novemba hakuna wingu la maana, boti ikikaa uani mlingoti umeachwa wazi kamba inapigwa jua asubuhi mpaka jioni, siku hata mia mbili kwa mwaka bila kuona maji. Pwani wana chumvi, sie tuna jua na vumbi, na sina hakika kama sie ndo tumepata nafuu.

Henza ya tanga la mbele mwenye boti aliyetangulia alishaweka kamba ya bluu, zile za nyavu. Ikipigwa jua inaanza kutoa vinyweleo vinavyochoma kiganja. Hiyo nayo inaondoka, haina mjadala.

Mei, katikati: kamba gani

Nimezunguka Majengo na maduka ya vifaa vya ujenzi, kamba zipo nyingi ila muuzaji atakwambia zote ni "nailoni", hata ile ya bluu ni nailoni, hata ya katani akichoka atakwambia ni nailoni. Basi nikawa naomba vipande vya sentimita chache nakuja navyo nyumbani kuvipima, na vipimo vyenyewe mtu yeyote anaweza kuvifanya.

Cha kwanza ni ndoo ya maji. Polipropilini, ile ya bluu na zile za kijani, inaelea, maana ni nyepesi kuliko maji. Nailoni inazama. Polyester nayo inazama. Kwa hiyo ukiona inaelea na bei ni chee, ni polipropilini, na kwa henza ya boti inayokaa juani usiinunue, ni katika kamba zinazoliwa na jua haraka sana. Inafaa kufungia boya.

Cha pili ni kutofautisha nailoni na polyester, na hapo nikatumia ndoo ya lita 20 iliyojaa, ambayo ni kilo ishirini na kidogo. Unafunga kamba kwenye boriti, unaweka alama mbili kwa umbali wa mita moja, unaning'iniza ndoo unapima tena. Nailoni inarefuka wazi wazi unaiona kwa macho, polyester inabaki karibu palepale. Nailoni ni kamba nzuri sana kwa nanga, maana kule unataka kitu kinachotanuka kimeze mshtuko, lakini kwenye henza ukipata upepo mkali kamba inatanuka, tanga linashuka kidogo, tumbo la tanga linarudi nyuma, boti inalala ubavu na haitaki kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, unabaki unapambana na usukani. Halafu nailoni ikilowa inapoteza kama asilimia 10 mpaka 15 ya nguvu yake, na inavimba. Polyester maji hayaisumbui.

Kuna na Dyneema, kamba za kisasa za nyuzi zenye nguvu sana. Nzuri, haitanuki kabisa unaweza kusema, nyepesi mpaka inaelea, na ina nguvu kuliko waya wa uzito huohuo. Nimeiacha. Inateleza, mafundo ya kawaida yanajifungua yenyewe, kwenye mkono ni kama haipo, na inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi wakati polyester inavumilia mpaka 250 na zaidi. Kwenye boti za mashindano hizo sentimita mbili za kutanuka ni ushindi au kushindwa. Sie tunashindana na nani, na wavuvi wa dagaa?

Nimechukua polyester ya kusukwa mara mbili, ganda nje na kiini ndani, milimita 6. Watu wawili wameshaniambia ningechukua 8 au 10 "kwa usalama". Ya milimita 6 inakatikia zaidi ya kilo 600 na tanga letu halifiki hata robo ya hapo, kwa hiyo unene hauongezi usalama wowote, unaongeza msuguano. Kamba nene kwenye kapi dogo haikimbii. Kinachoamua wembamba wa mwisho ni mkono wako, kamba ya milimita 4 ingetosha kwa nguvu ila inakata kiganja, 6 unaishika vizuri.

Urefu nimepiga hivi: tanga likiwa chini ncha ya kamba iko pale boriti ya chini ya tanga inapokutana na mlingoti, toka hapo kwenda juu ni kama mita 5.4, inapita kapi inashuka ndani ya mlingoti mita 6, inatokea tundu la chini, weka mita moja na nusu ya kushikia na kufungia, halafu weka mita nzima ya ziada. Hiyo ya ziada msiionee uchungu, nitaeleza kazi yake. Jumla kama 14, nimechukua 15. Ya mbele inaanzia chini zaidi kwenye mlingoti, 12 imetosha.

Hapa Dodoma sikuipata ya aina hiyo kwa unene huo, imetoka Dar, mpwa wangu kaja nayo kwenye treni ya SGR kaiweka miguuni kama begi la shule. Zamani ningesubiri mzigo wa basi nikae stendi usiku.

Mei bado: kapi

Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo wengi wanapopita haraka. Ukitoa waya ukaweka kamba bila kubadilisha kapi umehamisha tatizo tu.

Kapi la waya lina mfereji mwembamba wa umbo la V. Kamba ya milimita 6 haifiki chini ya mfereji, inakaa imebanwa na kingo mbili, ukivuta kwa nguvu inajikita humo, na ganda linasagwa pande zote mbili. Kamba inataka mfereji wa mviringo, mpana kuliko kamba kidogo, kama sehemu moja ya kumi zaidi, ili ikae imeegemea vizuri chini bila kubanwa. Na kipenyo cha kapi kwa kamba za kusukwa za polyester kisiwe chini ya mara nane ya unene wa kamba, kwa 6 ni 48. Letu ni 50, limepita kwa shida ila limepita.

Kulitoa tu kulichukua mchana mzima. Pini yake ya stenlesi imepita kwenye alumini, na vyuma hivi viwili vikikaa pamoja miaka na unyevu kidogo vinashikana, alumini inatoa unga mweupe unaojaza nafasi yote. Mdogo wangu akaja na nyundo kubwa nikamwambia weka chini. Tulimwagia maji ya moto sana pale, mafuta ya kulegeza kutu, tukaacha, tukagonga kidogo kidogo kwa kipande cha mbao, tukarudia. Alumini inatanuka kwa joto kuliko stenlesi ndo maana maji ya moto yanasaidia. Ilipotoka ilitoka kwa sauti.

Nikalipeleka karakana moja ya leze, mashine ya kukerezea. Fundi akaligeuza geuza akasema hii ya trekta? Nikamwambia ya boti. Akanitazama. Boti ya wapi tena, Dodoma hii? Tukaelewana baada ya picha za simu. Akataka kunikerezea la nailoni maana fimbo za nailoni anazo, anatengenezea bushi za magari. Hapo nikasita. Nailoni inanyonya maji na kuvimba, kwenye gari sio shida, ila kapi likivimba ndani ya nafasi yake linaacha kuzunguka, kamba inaanza kuteleza juu yake badala ya kulizungusha, tumerudi Oktoba. Asetali, plastiki nyingine ngumu, haivimbi hivyo. Akasema kipande cha asetali kipo kwa mwenzake, kimebaki kwenye kazi ya mashine ya kusindika alizeti, akakifuata.

Kipimo kingine nilichomuandikia kwenye karatasi ni upana wa kapi lenyewe. Likibana ukutani halizunguki. Likiwa jembamba mno linaacha mwanya, na kamba ikilegea kidogo inaruka nje ya mfereji inaingia kwenye ule mwanya, na ikishaingia hapo hata watu watatu hawaitoi mpaka mlingoti ulale. Tumeacha nusu milimita kila upande. Kamba ya milimita 6 haiwezi kuingia kwenye nusu milimita hata kwa kuibembeleza.

Kingo za nafasi ya kapi kwenye mlingoti tumezipiga msasa laini, kulikua na meno meno pale waya uliposugua. Nimepaka grisi kwenye pini tu, kidogo, isishikane tena na alumini. Kwenye mfereji hakuna grisi wala mafuta, kwa vumbi letu hili grisi ndani ya wiki moja ni udongo. Ukitaka utelezi pulizia silikoni kavu, basi.

Mei mwishoni: kupitisha

Kamba inapita ndani ya mlingoti, kwa hiyo ukichomoa ya zamani bila kufungia mpya utatafuta namna ya kuvua samaki kwenye bomba la mita sita. Ni kazi ileile ya kurudisha kamba ya suruali ya kulalia, mpya inaingia ikifuata ya zamani.

Tatizo ni kiungo. Ukifunga fundo halipiti kwenye kapi. Ukizungushia tepu nyeusi peke yake, ukivuta kamba inanyooka na kukonda, inachomoka ndani ya tepu kama mkono kwenye glavu, ya zamani inatoka mpya inabaki njiani. Dawa ni kushona. Ncha zote mbili nimezikata wima, nimezichoma kidogo zisifumuke, nikazikutanisha uso kwa uso, af nikapitisha sindano na uzi wa nyavu kutoka kiini cha hii kwenda kiini cha ile, nikarudia kuzunguka pande zote mpaka nikivuta kwa nguvu haziachani. Ndo juu yake tepu tabaka moja, lainii, isiwe na kingo. Kiungo kinabaki na unene uleule wa kamba.

Nimeshonea kwenye mwisho wa ile nusu ya kamba ya zamani, tukavuta kwa upande wa waya, waya unatoka juu, mpya inaingia kwa tundu la chini. Mmoja anavuta taratibu mwingine anaingiza huku anainyoosha isijisokote. Ikakwama mara moja, usilazimishe hapo, rudisha nyuma kidogo zungusha vuta tena. Imepita.

Mzee alikuepo, kiti chini ya mwarobaini, akaniuliza kwa nini sisuki kitanzi cha kudumu kwenye ncha kama watu wenye adabu. Nikamwambia, mzee nitataka kukata. Akacheka akasema haya basi, umeelewa.

Ndo ile mita ya ziada. Kamba inafia inapopinda, na inapinda sehemu ileile kila siku kwa sababu tanga linapanda kimo kilekile. Kwa hiyo kila mwisho wa msimu nakata sentimita kumi kutoka ncha ya juu, nafunga upya, na sehemu iliyokua juu ya kapi inahama, kipande kizima kinachukua zamu. Ukiwa na kitanzi cha kusuka utaona uvivu kukikata, utaacha. Fundo unalikata bila huruma. Mbeleni kamba ikichoka upande wa juu naigeuza yote, mkia uwe kichwa. Kwa hiyo ncha ya juu nimefunga fundo dogo linalokaza kwenye shakeli, kile chuma cha umbo la U chenye pini, na nimehakikisha tanga likiwa juu kabisa fundo linabaki chini ya kapi, lisiingie mdomoni.

Ncha ya mkia nimeifunga kwa uzi, na uzi nimeupitisha na sindano katikati ya kamba, sio kuzungushia tu. Kiberiti cha gesi peke yake kinaacha donge gumu linalopasuka na kukwaruza, na ganda likianza kuteleza juu ya kiini linajikusanya mahali linatengeneza uvimbe, na uvimbe ukifika kwenye kapi nadhani mnajua sasa ninachotaka kusema. Mwisho kabisa fundo la umbo la nane ili mkia usije ukaruka juu ya mlingoti ukapotelea huko. Kabla ya kulifunga nimejaribu kwanza kama tanga linafika chini kabisa kabla fundo halijagota tundu.

Ya tanga la mbele, hadithi ileile, kapi lake liko nje ni la kununua, limekwisha kwa nusu saa.

Juni: majini

Barabara ya lami mpaka Mtera siku hizi raha tupu, tumefika mapema, upepo bado mdogo, wavuvi wanaanika dagaa. Kabla ya kusukuma boti tumefanya jaribio pale pale ufukweni, omo ikitazama upepo: pandisha, funga, achia. Tanga likaporomoka lote lenyewe kwa uzito wake bila mtu kuligusa. Mdogo wangu akasema tena. Tukarudia. Mvuvi mmoja akasimama kutazama watu wanaopandisha na kushusha tanga nchi kavu kama wana ugonjwa.

Majini, kukaza. Kwa wanaoanza, tanga lenyewe linakwambia. Ukiona mikunjo ya kulala inatoka kwenye mlingoti kwenda ndani ya tanga, henza imelegea, ongeza. Ukiona mkunjo mmoja wa wima sambamba na mlingoti, umezidisha, punguza. Upepo ukiongezeka unakaza zaidi ili tumbo la tanga lije mbele, upepo ukiwa mdogo unalegeza tanga liwe na tumbo. Kamba mpya inakaa sawa baada ya muda, mafundo yanajikaza, msuko unatulia, baada ya nusu saa nilivuta tena kama vidole viwili, baada ya hapo haikusogea. Na waya nimeusahau kabisa, sioni tofauti yoyote kwenye kubisha.

Mchana upepo ukaja wenyewe kama unavyokuja. Tukaenda mbali na visiki, tukageuza, nikasema achia. Likashuka mpaka chini kabla sijamaliza neno. Mkia wa kamba tulikua tumeuporomosha tu ndani ya mfuko wa turubai, ukiuzungusha duara duara unapata msokoto na unapoachia unapanda juu na kifundo, huo mfuko ni kipande cha msaada kikubwa kuliko sura yake.

Usiku tulilala palepale, na nikakumbuka kero nyingine. Kamba ikipigwa na upepo inagonga alumini tang tang tang mpaka alfajiri. Waliopita Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, kwenye milingoti ya bendera za maofisi wakati wa upepo wa Agosti wanaijua sauti hiyo, kamba ya bendera ni henza tu yenye kazi ya serikali. Sio kelele peke yake, pale inapogonga ndo inapochubuka. Tumeivuta pembeni tukaifunga kwenye waya wa ubavuni unaoshikilia mlingoti kwa kipande cha mpira wa tyubu, kimya.

Juni, wiki iliyofuata

Kuosha. Ndoo, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, loweka, kamua kwa mkono, badilisha maji mpaka yaache kuwa ya kahawia. Chembe za vumbi zikiingia ndani ya msuko zinakata nyuzi toka ndani na kwa nje huoni kitu. Usitie jiki. Usianike juani, nimekuta mtu ameianika ya kwangu juani kwa nia njema, nikaihamishia kivulini kimya kimya. Ukirudisha mlingotini hapo hapo pitisha kiganja kama mzee.

Boti ikiwa uani sasa henza haibaki juani. Nafunga uzi mwembamba wa nyavu kwenye mkia, naivuta yote itoke, uzi unabaki mlingotini peke yake kushika njia, kamba inaingia kwenye mfuko ndani stoo. Siku ya safari unafungia, unavuta, dakika tano.

Bado: kukata zile sentimita kumi Novemba kabla ya mvua, kuangalia kama asetali imeanza kuchimbika, na demani, kamba ya kuongozea tanga kubwa, ambayo nayo ina unga mweupe ule ule. Turubai la boti limeanza kupasuka upande wa magharibi, hilo lazima liwe jipya kabla upepo wa Agosti haujalimaliza.